Gari Inayowaka Ikitaka

Pikapu kuukuu yenye ugonjwa wa moja kwa moja haimtoi fundi jasho. Stata (mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake) imeungua, anaishusha, anaifungua, anaona, anatengeneza. Kazi ngumu ni ile inayogoma alfajiri ikiwa na magunia ya karafuu mgongoni, halafu ikifikishwa gereji kwa kuvutwa inapiga stata mara ishirini bila kukosa hata moja. Fundi hana cha kukiona, basi anakisia. Anaanza na betri, kwa kuwa betri ndiyo rahisi kubadilisha. Wiki ya pili inagoma tena, inafungwa stata ya mtumba. Wiki ya nne ni zamu ya swichi. Mwenye gari ameshanunua nusu ya mfumo wa umeme na ugonjwa uko pale pale, kwa sababu ulikuwa ndani ya waya wa athi, ule unaofunga injini na chesisi kwenye hasi ya betri, uliooza kwenye shingo yake.

Ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya gari ya namna hiyo. Mifano mingi inatoka kwenye Toyota Hilux za miaka ya 1980 na 1990: za dizeli zenye injini ya 2L (cc 2,446) au 3L (cc 2,779), na za petroli zenye 22R (cc 2,366). Umeme wake ni wa wazi, hauna kompyuta ya kukuficha kitu. Nissan, Isuzu na Mitsubishi za umri huo hutafutwa kwa njia hii hii. Namba za volti nilizozitaja ni za mfumo wa volti 12, kwa hiyo angalia kwanza gari yako si ya volti 24.

Kukataa ni kwingi

Dereva akisema "fundi, imekataa tena", bado hajasema kitu. Kuna maswali mawili ya kumuuliza kabla ya kufungua boneti: ulipozungusha funguo ulisikia nini, na taa za dashibodi zilifanya nini?

Kama kulikuwa kimya kabisa na taa zikabaki kali vile vile, basi moto, yaani umeme, haukufika kwenye stata, au ulifika na stata yenyewe ikashindwa kuutumia. Kimya ambacho taa zote zimezimika nacho kwa pamoja, kama aliyezima swichi ya nyumba, ni jambo jingine: muungano mkubwa karibu na betri umeachia pale mzigo ulipokuja. Mlio mmoja mzito, "ta!", na taa hazikufifia sana, unaelekeza ndani ya solenoidi ya stata, swichi ya sumaku iliyofungwa kwenye stata yenyewe. "Ta!" ile ile, lakini taa zikafifia hadi kukaribia kuzima, ni betri dhaifu, waya mkubwa mbovu, au mota ya stata iliyokwama. Mlio wa "tatatata" wa haraka ni umeme mdogo: solenoidi inavuta, volti zinaanguka, inaachia, zinapanda, inavuta tena. Stata ikilia "vuuu" peke yake bila kuizungusha injini, tafuta bendiksi (gia ndogo ya stata inayoishika injini) au meno ya gurudumu la injini. Na kama injini ilizunguka kwa nguvu zote lakini haikushika moto, achana na stata, nenda kwenye mafuta au cheche.

Swali la tatu ni hili: iliwaka vipi baadaye? Jibu lake lina thamani kuliko vipuri vitatu. Pemba kuna vilima na mabonde, na dereva mwenye gari ya kugoma huzoea kuiegesha mteremkoni ili aishushe kwa gia ya pili. Yeye anaona ameondokana na shida, na bila kujua ameshafanya kipimo kizuri sana. Gari inayoshika moto mara moja inaposukumwa ina mafuta, na kama ni ya petroli ina cheche. Ugonjwa wake uko kati ya betri, swichi na stata tu, hakuna haja ya kugusa filta wala kabureta. Ikisukumwa mteremko mzima na bado isishike, geuka upande wa pili.

Ikiwaka baada ya kutikisa vibano vya betri, umeshaonyeshwa pa kuanzia. Ikiwaka baada ya kuzungusha funguo mara sita au saba mfululizo, ni solenoidi, na hapo sisiti sana. Ikiwaka baada ya kuisogeza gari nusu hatua ikiwa ndani ya gia, angalia meno ya gurudumu la injini. Injini ya silinda nne hupenda kusimama mahali pawili pale pale kila inapozimwa, kwa sababu ya mgandamizo, kwa hiyo meno ya hapo huliwa kabla ya mengine.

Weka daftari dogo na kalamu ndani ya gari. Kila ikigoma, andika saa, injini ilikuwa ya moto au baridi, ilisimama muda gani, mvua ilikuwapo au hapana, tangi lina mafuta kiasi gani, pua ya gari ilitazama juu ya kilima au chini, na kilichofanywa ndipo ikawaka. Migomo mitano ikiandikwa vizuri, ugonjwa huanza kujionyesha sura.

Bahari iko ndani ya waya

Hapa visiwani hewa yenyewe ina chumvi, na pikapu zetu tunazipakia bahari yenyewe. Gari inayobeba mwani mbichi kutoka Paje au Jambiani, au samaki wa barafu kutoka bandarini, hudondosha maji ya chumvi kwenye chesisi safari nzima. Maji yale huingia kwenye soketi za taa za nyuma, kwenye athi iliyofungwa chesisi, na hupanda ndani ya waya chini ya ngozi yake. Ukichuna waya wa namna hiyo huoni shaba nyekundu, unaona unga wa kijani au nyuzi nyeusi zinazokatika kama uzi uliooza.

Hili ndilo linalozaa migomo ya leo ndiyo, kesho siyo. Stata ya injini ya dizeli inavuta ampea 200 na zaidi. Muungano wenye kutu ukiwa na upinzani wa omu 0.01 tu, ampea 200 zikipita zinapoteza volti 2 hapo hapo. Redio inayotaka ampea 1 haihisi chochote kwenye muungano ule ule, taa ndogo hazihisi, honi inalia vizuri. Kwa hiyo mtu anasema "umeme upo, honi si unaisikia", naye anasema kweli, ila honi si shahidi wa stata.

Ndiyo maana kipimo cha mlio kwenye mita, kile cha kujua kama waya umekatika, hudanganya kwenye nyaya kubwa. Waya wa nyuzi mia uliobakiwa na nyuzi mbili utalia vizuri. Omu 0.01 nayo haisomeki kwenye mita ya kawaida. Waya mkubwa hupimwa ukiwa kazini, stata ikizunguka au ikijaribu kuzunguka, kwa kuangalia ni volti ngapi zinapotelea ndani yake.

Kupima

Gia huru, breki ya mkono juu, jiwe au gogo nyuma ya gurudumu. Vua saa na pete. Dizeli izuie kuwaka kwa kuchomoa waya wa solenoidi ya kuzimia, ile inayokata mafuta, iliyo kwenye pampu ya nozeli (pampu inayosukuma dizeli ndani ya injini). Petroli ichomoe waya wa chanya wa koili, kifaa kinachotengeneza umeme wa cheche. Usimzungushe stata zaidi ya sekunde 10 kwa wakati mmoja, na mpumzishe nusu dakika.

Betri ije kwanza, maana vipimo vingine vyote vinaiegemea. Gari ikiwa imelala usiku mzima, betri iliyojaa inasoma volti 12.6 au 12.7. Volti 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni robo tu. Kisha pima juu ya nguzo zenyewe za betri wakati stata inazunguka. Kwa joto letu betri nzima haishuki chini ya volti 10, na ikifika 9.6 ina walakini au stata inavuta kupita kiasi. Kama betri ina vifuniko vya kufungulia, haidromita (kipimo cha uzito wa maji ya tindikali ya betri) inasema zaidi: 1.265 ni chumba kilichojaa, na chumba kimoja kikipishana na vingine kwa 0.050 hicho kimekufa. Maji yawe juu ya sahani kwa karibu milimita 10, na unayoongeza yawe maji ya betri yaliyotoneshwa, si tindikali. Maji ya bomba ya kwetu yana chokaa nyingi, hayafai.

Kuna ugonjwa mmoja wa betri unaowachanganya hata mafundi wazuri. Kiungo cha ndani kati ya chumba na chumba hupata ufa. Betri inasoma 12.6 ikiwa imekaa, ukipiga stata inaanguka hadi volti 3 au inakata kabisa, ukingoja kidogo inasoma tena 12.6 na huenda ikawasha gari. Ukiona volti zinaanguka namna hiyo juu ya nguzo zenyewe, na si kwenye vibano, usihangaike na nyaya.

Kisha athi. Ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, yaani risasi yenyewe na si kibano, ncha nyingine kwenye chuma kisafi cha mwili wa stata. Piga stata. Inatakiwa isizidi volti 0.2 au 0.3. Ukisoma volti 1, umeshampata mwizi. Rudi hatua kwa hatua: nguzo na kibano, kibano na waya, waya na bolti lililofungwa kwenye injini, injini na mwili wa stata. Palipo na namba kubwa ndipo panapoliwa. Kama huna mita, chukua waya mnene wa kuazimia moto, unganisha hasi ya betri moja kwa moja na ndoano ya kunyanyulia injini, halafu washa. Ikipiga kwa nguvu ambayo hukuizoea, athi ndiyo iliyokuwa mbovu. Dalili nyingine ya athi mbovu ni kamba ya klachi au ya akselereta kuwa ya moto baada ya kupiga stata: umeme umekosa njia yake, umepita humo.

Upande wa chanya pima vivyo hivyo, kutoka nguzo ya chanya hadi bolti kubwa la stata ambalo waya wa betri umefungwa. Isizidi 0.5 kwa jumla. Ukibadilisha waya wa dizeli, tumia wa milimita 50 za mraba, na vichwa vyake vibanwe kwa mashine ya kubania. Kichwa kilichogongwa kwa nyundo kitakurejesha barabarani baada ya masika moja.

Vibano vya betri vioshwe kwa maji ya moto yaliyokorogwa magadi, bila kuyaruhusu kuingia kwenye vyumba. Fungua hasi kwanza, funga hasi mwisho. Kwangua kwa msasa mpaka risasi ing'ae ndani ya kibano na nje ya nguzo, kaza, ndipo upake mafuta ya mgando juu. Watu wengi hupaka kabla ya kukaza, na kipande cha bati la kopo hutiwa katikati ili kibano kilichopanuka kikaze. Bati lile na risasi hulana haraka. Nunua kibano kipya.

Hapo hapo kwenye chanya, Toyota nyingi zina kiunganishi cha kuungua, kipande cha waya laini kinachofanya kazi ya fyuzi kubwa. Kivute taratibu kwa vidole. Kikinyooka kama mpira, ndani kimeshakatika na kinagusana kwa bahati. Hicho ndicho mara nyingi huzima taa zote pamoja na stata.

Taa tatu

Vipimo hivi vyote vina kasoro moja: vinataka gari igome mbele yako. Gari inayogoma mara moja kwa wiki haitakufanyia hisani hiyo. Basi mtengenezee dereva mashahidi wa kukaa nao.

Chukua glopu tatu ndogo za volti 12, za wati 3 au 5, uzipange mahali dereva anapoziona. Ya kwanza ivute waya kutoka kwenye pini ndogo ya solenoidi, ile inayoandikwa 50 au S, inayopokea moto kutoka kwenye swichi. Ya pili itoke kwenye bolti la chini la solenoidi, lile lenye kipande cha waya mnene kinachoingia kwenye tumbo la mota. Ncha za pili za glopu hizi mbili zote ziende hasi ya betri moja kwa moja, si kwenye bodi. Ya tatu iunganishwe kati ya chuma cha injini na hasi ya betri, bila kitu kingine. Waya wa milimita 1.5 za mraba unatosha, na weka fyuzi ya ampea 5 karibu kabisa na stata kwa kila waya unaotoka huko, na kwa ule wa injini pia, ili ukichubuka usichome gari.

Sasa dereva hahitaji kujua umeme. Siku ikigoma, ashike funguo kwenye stata sekunde tatu na atazame. Ya kwanza isipowaka, moto hautoki kwenye swichi: fuata swichi, rilei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme), king'ora cha kuzuia wizi, soketi. Ya kwanza ikiwaka na ya pili isiwake, na "ta!" imesikika, shaba za mguso ndani ya solenoidi zimekwisha. Zote mbili zikiwaka na mota haizunguki, ni brashi za kaboni, zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka ya mota, au ni sehemu hiyo yenyewe, amecha. Ya tatu haitakiwi kuwaka kamwe. Ikiwaka, hata kwa uhafifu, wakati wa kupiga stata, athi ya injini imeachia, na usiyaamini yale mengine mpaka uitengeneze.

Kazi yote ni ya saa moja na vifaa vyake ni vya bei ndogo. Sioni sababu ya gari ya kugoma kuondoka gereji bila taa hizi, hasa gari inayorudi Konde au Makunduchi ambako fundi atakayeitwa hataikuta katika hali ile.

Ndani ya stata

Stata nyingi za Denso zilizofungwa kwenye Hilux hizi zina solenoidi yenye kifuniko cha duara nyuma, kinachoshikwa na skrubu au bolti ndogo tatu. Ndani mna vipande viwili vya shaba vilivyoinama, na pistoni yenye kisahani cha shaba kinachokuja kuviunganisha. Kila ukipiga stata, cheche inakula shaba kidogo. Kipande cha upande wa betri huliwa zaidi ya mwenzake. Hufika siku kisahani kinagusa kipande kimoja na kukosa kingine kwa unene wa karatasi. Hapo ndipo unasikia "ta!" bila mzunguko, na ndiyo maana ukirudia mara ya saba inashika: pistoni imezunguka kidogo ikaleta upande usioliwa.

Tiba yake ni kubadilisha vipande viwili na pistoni, si stata nzima. Vipande vina maumbo mbalimbali, cha kulia si cha kushoto, kwa hiyo nenda dukani na vya zamani mkononi. Kama unaagiza kutoka Unguja kwenda Pemba tuma picha yenye rula pembeni, la sivyo utaisubiri meli ya pili. Ukikosa vipya, kipande kilicholiwa kinaweza kugeuzwa au kuinuliwa kwa washa nyembamba ya shaba, na hiyo ni ya kukufikisha tu. Kusugua kwa msasa kunapunguza shaba ambayo tayari ni kidogo.

Brashi nazo zina hila yake. Watu husema brashi zikiisha "ta!" inabaki. Si lazima. Koili ya kuvuta iliyomo ndani ya solenoidi hupata athi yake kwa kupitia kwenye mota, yaani kupitia kwenye brashi. Brashi zikiacha kugusa kabisa, pistoni haina nguvu ya kuvutwa, na unaambulia kimya kitupu kana kwamba swichi imekufa. Taa ya kwanza ingekuambia ukweli: moto umefika. Ukigonga mwili wa stata kwa mpini wa nyundo, si kwa kichwa chake, na ikazunguka, ni brashi. Gonga taratibu, maana stata zenye sumaku za kudumu zina sumaku zinazopasuka.

Gari inayogoma ikiwa ya moto na kukubali baada ya nusu saa, mara nyingi stata yake iko jirani na bomba la moshi. Shaba ikitoka joto la digrii 25 hadi 100, upinzani wake unapanda kwa karibu asilimia 30. Koili ya solenoidi inakuwa dhaifu, na kama waya wa swichi nao unapoteza volti 2, nguvu haitoshi. Hapa pima pini ya 50 gari ikiwa ya moto na stata ikiitwa: inatakiwa volti 10 hivi, na chini ya 8 usitegemee kitu.

Swichi na king'ora

Volti zikiwa ndogo kwenye pini ya 50 na betri ni nzima, pita njia yake yote. Swichi ya umeme nyuma ya kitasa cha funguo ina shaba zinazoliwa kama zile za stata. Ukitikisa funguo nayo ikakubali, sababu ni hiyo, au ni kitasa kilicholegea kisichofika mwisho. Gari za gia za otomatiki zina swichi inayozuia stata hadi ziwe kwenye P au N, hivyo jaribu N kabla ya yote. Baadhi ya zile za klachi zina swichi chini ya pedali.

Kisha tafuta king'ora. Pikapu nyingi ziliwahi kufungwa alamu, ikafa, ikaachwa. Rilei yake bado imeukata waya wa stata chini ya dashibodi, na miunganiko yake ni waya uliosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu iliyoyeyuka kwa joto. Toa kila kitu, rudisha waya kama ulivyotoka kiwandani, uunge kwa risasi ya kuchomelea na mpira wa kubana.

Ukishahakikisha swichi ni nzima, fikiria kuongeza rilei ya ampea 40 karibu na betri. Waya wa zamani wa stata uende 86, athi kwenye 85, moto kutoka betri kwa waya wa milimita 4 za mraba na fyuzi ya ampea 30 kwenye 30, na 87 iende kwenye pini ya solenoidi. Swichi haitabeba tena mzigo wa solenoidi. Rilei ikae juu, soketi ikitazama chini, maji yasitulie ndani.

Inazunguka, haishiki

Kwa dizeli anza na sikio. Fungua funguo bila kupiga stata, usikilize pampu ya nozeli: solenoidi ya kuzimia inatakiwa kusema "tik". Ina waya mmoja tu, na waya huo hutikiswa na injini miaka yote. Isiposema, pima volti 12 pale kwenye kichwa chake. Ikiwa hakuna, waya wa muda kutoka chanya ya betri utaiwasha gari na kukufikisha, ila kumbuka haitazimika kwa funguo, mpaka uchomoe waya.

Hewa ndiyo ya pili. Bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta kabla ya kuwasha. Ikiwa laini mara kumi au ishirini halafu ikawa ngumu, na gari ikawaka papo hapo, mafuta yalirudi kwenye tangi usiku. Hapa lile daftari linalipa: gari inayogoma ikilala pua juu ya kilima na kukubali ikilala pua chini inavuta hewa. Fuata mipira ya kutoka tangini, ile midogo ya marejeo juu ya nozeli, na kiwambo cha pampu ya mkono yenyewe. Weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu ya nozeli, utaziona povu. Fungua pia kizibo cha chini ya filta, utoe maji.

Hita za kuwashia, zile zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha, zipime moja moja baada ya kuondoa ubao wa shaba unaoziunganisha. Nzima husoma karibu omu 1 au pungufu yake, iliyokufa haisomi kitu. Kwa joto la visiwani injini yenye pumzi nzuri inaweza kuwaka hata hita mbili zikiwa zimekufa, kwa mtikisiko na moshi mweupe. Kwa hiyo hita mbovu zikiizuia kabisa gari kuwaka, shuku pia mgandamizo.

Petroli inataka jibu moja upesi: cheche ipo au haipo, dakika ile ile inapogoma. Weka plagi ya ziada kwenye kabati la dashibodi, ichomeke kwenye waya, ilaze kwenye chuma cha injini, mwenzako apige stata. Ikiwapo cheche ya bluu yenye mlio, tafuta mafuta. Pampu ya kimakanika ikikaa karibu na injini ya moto, petroli huchemka ndani ya bomba. Kitambaa chenye maji juu ya pampu na bomba kikiirudishia gari uhai kwa dakika chache, ni hilo. Isipokuwapo cheche na injini ni ya moto, pima koili na kifaa cha kielektroniki cha cheche vingali vya moto, kwa kuwa vyote viwili hupona vikipoa. Na kama gari inashika moto wakati stata inazunguka kisha inazima ukiachia funguo, kipinzani cha koili au swichi imekatika upande wa kutembea, yaani pale funguo inaporudi baada ya stata. Ikishika moto ule wakati unapoachia tu, basi kilichokatika ni njia ya upande wa stata.

Mgomo wa masika pekee, Machi hadi Mei, ni kifuniko cha distributa (kifaa kinachogawa cheche kwa kila plagi) au nyaya za plagi. Usiku, gizani, fungua boneti gari ikiunguruma, nyunyizia ukungu mwepesi wa maji juu ya kifuniko na nyaya, ukiwa mbali na feni na bila kugusa kitu. Utaona cheche zikitambaa juu ya ngozi ya waya ulio mbovu.

Ukishatengeneza, pima tena mahali pale pale ulipopima mwanzo na uandike namba zote mbili kwenye daftari, ya kabla na ya baada. Kisha itembeze hadi ipate moto kamili, izime, ngoja dakika 15 boneti ikiwa imefungwa, uwashe. Rudia hivyo mara nne. Taa tatu ziache mahali pake kwa mwezi mzima.